Samaki msafishaji (Labroides dimidiatus)

Samaki msafishaji ni spishi ya samaki mdogo wa bahari anayeishi kwenye miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki, ikiwemo miamba ya pwani ya Kenya na Tanzania. Jina lake la kisayansi ni Labroides dimidiatus. Ni wa familia Labridae, familia kubwa ya samaki wa miambani ambao ni jamaa wa karibu wa pono. Urefu wake hauzidi sm 14, na wengi wanaoonekana ni wafupi kuliko hapo. Anajulikana duniani kwa sababu ya chakula chake: hula vimelea wanaokaa juu ya ngozi, mapezi, vinywani na ndani ya matamvua ya samaki wengine, na samaki hao humwendea wenyewe ili awasafishe.

Kwa muda wa miaka hamsini iliyopita samaki huyu amechunguzwa na wanasayansi wengi kuliko karibu samaki yeyote mwingine wa ukubwa wake. Sababu ni kwamba amezusha maswali ambayo mtu hakutarajia kumwuliza samaki: kama anaweza kudanganya, kama anaadhibu, na kama anaijua sura yake mwenyewe.

Jina na uainishaji

Spishi hii ilielezwa mara ya kwanza na Mfaransa Achille Valenciennes mwaka 1839, katika mfululizo mkubwa wa vitabu kuhusu samaki alioanza kuuandika pamoja na mwalimu wake Georges Cuvier. Valenciennes aliiita Cossyphus dimidiatus. Mwaka 1851 Pieter Bleeker, daktari Mholanzi aliyefanya kazi Batavia (Jakarta ya leo) na kukusanya samaki wakati wa nafasi yake, alianzisha jenasi Labroides, na spishi hii ikahamishiwa huko. Neno dimidiatus ni la Kilatini, maana yake ni "aliyegawanywa nusu kwa nusu", na anayemwona samaki mwenyewe, mbele rangi moja na nyuma rangi nyingine, hapati taabu kuelewa.

Jenasi Labroides ina spishi tano. Katika Afrika ya Mashariki hupatikana mbili: hii na Labroides bicolor, ambayo ni kubwa kidogo na huzunguka eneo kubwa badala ya kukaa mahali pamoja. Spishi ya Hawaii inaitwa Labroides phthirophagus, jina la Kigiriki lenye maana ya "mla chawa".

Jina la Kiswahili limetokana na kazi, kwa hiyo lisichanganye: wako wasafishaji wengine baharini wasio wa jenasi hii, wakiwemo kamba wadogo wa rangi za kuvutia na, katika Bahari ya Karibi, samaki wadogo wa jenasi Elacatinus. Makala hii inahusu Labroides dimidiatus peke yake.

Umbo na rangi

Mwili ni mwembamba na mrefu, mfano wa kalamu iliyobanwa kidogo ubavuni. Mdomo uko mbele kabisa ya kichwa na midomo ni minene. Mdomo wa chini umegawanyika vipande viwili. Mbele ya taya kuna meno makali machache ambayo hufanya kazi kama kibano.

Samaki mzima ana rangi nyeupe au ya manjano hafifu upande wa kichwa, na kuelekea mkiani rangi hiyo hugeuka kuwa buluu inayong'aa. Mstari mweusi huanza puani, hupita katika jicho, na hupanuka kadiri unavyokwenda nyuma hadi mwisho wa mkia. Mtoto wake hafanani naye: ni mweusi karibu mwili mzima, akiwa na mstari mmoja wa buluu kali mgongoni. Hata hivyo mtoto naye husafisha, na wateja wanamtambua.

Dume na jike hawatofautiani kwa rangi. Kinachowatofautisha ni ukubwa, nao una habari yake, itakayoelezwa chini.

Msambao

Spishi hii ina eneo kubwa sana. Huanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika ya Mashariki hadi Afrika Kusini, hupita visiwa vyote vya Bahari ya Hindi, Indonesia na Ufilipino, na kuendelea hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki. Upande wa kaskazini hufika kusini mwa Japani. Upande wa kusini hufika Australia. Huishi katika kina cha mita 1 hadi 40 hivi, kwenye vidaka vya ndani na kwenye mteremko wa nje wa mwamba. Mahali penye matumbawe hai na samaki wengi, yeye hakosekani.

Kituo cha usafishaji

Msafishaji hatangitangi akitafuta wateja. Ana mahali pake, mara nyingi penye jiwe kubwa la tumbawe, uwazi chini ya mwamba au alama nyingine inayoonekana kwa mbali. Watafiti hupaita kituo cha usafishaji. Hapo hukaa mchana kutwa, siku baada ya siku, na samaki wengine wanapajua. Usiku huingia katika tundu na kulala.

Mteja anapofika husimama. Kila spishi ina namna yake: wengine huinamisha kichwa chini, wengine huinua, wengine hulala ubavu kidogo na kutandaza mapezi. Wengine hubadilika rangi, jambo ambalo huenda linafanya vimelea waonekane vizuri zaidi. Msafishaji huja kwa mwendo wa kuyumba, akipandisha na kushusha sehemu ya nyuma ya mwili kama mtu anayecheza ngoma, kisha huanza kukagua mwili kwa macho na kudona hapa na pale. Wateja wake ni karibu samaki wote wa mwambani: kangaja, tasi, vitatange, changu, pono, na hata taa wakubwa wanaofika kutoka bahari ya wazi.

Wanaoshangaza watazamaji zaidi ni chewa na mkunga. Hawa ni wala samaki, na msafishaji kwa ukubwa wake angetosha kuwa tonge moja. Lakini chewa hufungua kinywa na kupanua matamvua, msafishaji huingia ndani na kufanya kazi kati ya meno, halafu hutokea upande wa pili akiwa salama. Chewa anapotaka kufunga kinywa, mara nyingi hutikisa mwili au hufunga kidogo na kufungua tena, ndipo aliyemo hutoka.

Kiasi cha kazi si kidogo. Alexandra Grutter, mtafiti wa Australia, alihesabu mwaka 1996 katika Kisiwa cha Lizard, kwenye Mwamba Mkubwa wa Matumbawe wa Australia, kwamba msafishaji mmoja kwa wastani hukagua samaki 2,297 kwa siku na kula vimelea 1,218. Idadi hiyo ya kwanza si ya samaki tofauti, kwani mteja mmoja huweza kurudi mara nyingi. Hata hivyo, mwanafunzi akigawanya 2,297 kwa saa kumi na mbili za mchana atapata zaidi ya wateja watatu kila dakika.

Chakula chenyewe

Vimelea wanaoliwa zaidi ni mabuu wa familia Gnathiidae. Hawa ni gegereka, yaani wa jamii moja na kaa na kamba, lakini wadogo sana, wa kiasi cha mm 1 hadi 3. Hujificha chini ya mchanga na mawe, hutoka na kumrukia samaki, hufyonza damu hadi tumbo livimbe, kisha hujiachia. Mfano wake wa nchi kavu ni kupe. Samaki mwenye wengi hudhoofika, na samaki mchanga anaweza kufa kwa mmoja tu.

Hata hivyo, hicho sicho chakula anachokipenda. Ngozi ya samaki imefunikwa na ute, na ute huo una lishe. Redouan Bshary wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, pamoja na Grutter, waliwapa wasafishaji uchaguzi kati ya vimelea na ute, na wasafishaji wakachagua ute, hasa ule wa pono. Hapa ndipo hadithi ya urafiki mwema inapoharibika, na hapa pia ndipo inapokuwa na maana. Mteja anataka aondolewe vimelea. Msafishaji anataka kuuma ngozi. Kila mara wawili hawa wanapokutana wana masilahi yanayopingana, na bado huduma inaendelea.

Vitabu vingi vya shule hueleza mahusiano ya kufaidiana kwa mfano wa ndege shashi na nyati, kana kwamba pande mbili zimekubaliana na mambo yamekwisha. Mfano huo nao una doa, maana shashi hunywa damu ya vidonda vya mnyama na huvizuia visipone. Kwa maoni ya mwandishi, samaki msafishaji ni mfano bora wa kufundishia, kwa sababu anaonyesha kwamba kufaidiana si wema. Ni hali inayodumu pale tu ambapo kudanganya kuna gharama.

Gharama hizo zimechunguzwa kwa makini. Msafishaji anapouma ngozi, mteja hushtuka, na mshtuko huo unaonekana wazi hata kwa mzamiaji. Baada ya hapo hatua hutegemea mteja ni nani:

Mteja mwenye makazi madogo, ambaye ana kituo kimoja tu karibu, hana pa kwenda. Huyo humfukuza msafishaji kwa hasira, na msafishaji aliyefukuzwa huwa mwangalifu zaidi mteja yuleyule anaporudi.

Mteja anayezunguka eneo kubwa hafukuzi. Huondoka na kwenda kituo kingine. Kwa hiyo wateja wa namna hii hutendewa kama mgeni katika duka lenye mshindani jirani: wakifika kwa wakati mmoja na mkaazi, wao huhudumiwa kwanza.

Mteja mla samaki haumwi karibu kamwe. Sababu haihitaji maelezo.

Kuna na jambo la nne. Mwaka 2006 Bshary na Grutter walitoa taarifa katika jarida Nature kwamba wateja wanaosubiri huangalia. Wakimwona msafishaji anashirikiana vizuri na mteja aliyetangulia, hukaa naye zaidi kuliko wakimkuta msafishaji ambaye hawajui mwenendo wake. Msafishaji naye, akijua anatazamwa, hupunguza kuuma ngozi. Sifa, kwa maneno mengine, ina thamani hata chini ya maji.

Msafishaji ana pia namna ya kutuliza. Hukaa juu ya mgongo wa mteja na kumpapasa kwa mapezi ya tumbo, bila kula chochote wakati huo. Huwapapasa zaidi samaki wala samaki, hasa wakiwa na njaa, na wateja wanaotaka kuondoka baada ya kuumwa. Jaribio lililotangazwa mwaka 2011 lilitumia sanamu ya msafishaji iliyosogezwa na mashine: kangaja waliopapaswa na sanamu hiyo walikuwa na kiasi kidogo cha kotisoli, homoni ya mfadhaiko, kuliko wale walioguswa na sanamu isiyosogea. Hivyo kupapaswa kwenyewe kunamfaa mteja, hata kama hakuna kimelea aliyeondolewa.

Wasafishaji wawili wanapomhudumia mteja mmoja, dume na jike, jike akiuma ngozi na mteja akakimbia, dume humfukuza jike. Nichola Raihani na wenzake walithibitisha jambo hilo mwaka 2010 kwa kutumia sahani badala ya mteja. Sahani ilikuwa na chakula cha kawaida na vipande vya kamba, na iliondolewa mara tu samaki mmoja alipokula kamba. Majike walioadhibiwa walipunguza kosa hilo mara iliyofuata. Dume hakuwa anatetea mteja; alikuwa anatetea chakula chake mwenyewe.

Je, mwamba unamhitaji?

Kwa muda mrefu swali hili halikuwa na jibu. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti waliwaondoa wasafishaji wa Hawaii katika maeneo madogo, wakasubiri, wasione mabadiliko makubwa kwa samaki wengine. Baadhi ya wataalamu wakaanza kudhani kwamba wateja huja kwa ajili ya kupapaswa tu na kwamba usafi ni jambo dogo.

Majibu yalianza kupatikana mwaka 1999, Grutter alipowafungia samaki katika vizimba kwenye miamba yenye wasafishaji na miamba ambayo wasafishaji wameondolewa. Baada ya saa 12 za mchana, samaki waliokaa bila wasafishaji walikuwa na mabuu wa Gnathiidae mara 4.5 zaidi. Kosa la majaribio ya awali lilikuwa upande wa muda, miongoni mwa mambo mengine: vimelea hawa huja na kuondoka ndani ya siku moja, bali athari yake juu ya idadi ya samaki huchukua miezi na miaka kuonekana.

Ndipo wasafishaji wakaondolewa kwenye miamba midogo ya Kisiwa cha Lizard kwa miezi 18. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: aina za samaki wanaohama kutoka mwamba hadi mwamba zilipungua kwa nusu, na idadi yao ikabaki robo. Hawa ni samaki wenye uchaguzi, nao walichagua kwenda kwingine. Jaribio likaendelezwa kwa jumla ya miaka 8 na nusu. Taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba hata samaki wakaazi walikuwa wachache kwa asilimia 37, na aina zao chache kwa asilimia 23, kuliko kwenye miamba yenye wasafishaji.

Maana yake kwa mvuvi ni rahisi kuielewa. Samaki wanaohama mwamba hadi mwamba ndio wengi wa wale wanaoingia katika dema na mshipi: kangaja, changu, tasi, pono. Samaki mwenye urefu wa kidole, ambaye hakuna anayemvua kwa kitoweo, anachangia kuamua kama hao watakuwepo.

Jinsia na uzazi

Kila msafishaji huzaliwa akiwa jike. Dume mmoja humiliki eneo lenye majike, kwa kawaida 3 hadi 6, pamoja na wadogo kadhaa ambao hawajakomaa. Majike hupangana kwa ukubwa: mkubwa humtawala anayemfuata, naye humtawala aliye chini yake, hadi wa mwisho. Dume huzunguka kila siku kuwakagua wote na kuwatisha kidogo.

D. R. Robertson alieleza mwaka 1972, kutokana na uchunguzi katika Kisiwa cha Heron huko Australia, kinachotokea dume akifa au akiondolewa. Ndani ya saa moja na nusu hadi mbili, jike mkubwa huanza kutenda kama dume: huzunguka mipaka ya eneo na kuwatisha majike wenzake kwa mtindo uleule wa marehemu. Mwili hufuata polepole. Viungo vya mayai hugeuka kuwa vya kutoa mbegu, na baada ya siku 14 hadi 18 huyo aliyekuwa jike anaweza kutoa mbegu za kiume. Dume jirani akiwahi kulivamia eneo kabla jike hajaanza lake, jike hubaki jike. Kwa hiyo ni hali ya jamii inayoamua jinsia, wala si umri peke yake.

Baadaye ilionekana Japani kwamba njia hii inaweza kurudiwa kinyume. Madume wawili wakiwekwa pamoja bila jike, yule mdogo hugeuka kuwa jike tena.

Kutaga hufanyika kwa jozi. Dume na jike huinuka pamoja ghafla kuelekea juu, hutoa mayai na mbegu majini, na kurudi chini. Mayai huelea na kuchukuliwa na mkondo, wazazi hawayaangalii. Mabuu huishi katika maji ya wazi kabla ya kutua mwambani wakiwa watoto weusi wenye mstari wa buluu.

Anayemwiga

Penye kazi inayoaminiwa hakukosi laghai. Aspidontus taeniatus, samaki wa familia Blenniidae, ana umbo, mstari mweusi na buluu ileile ya msafishaji, na hata huweza kuyumba kwa mtindo wake. Mteja akimkubali, badala ya kusafishwa hunyofolewa kipande cha pezi au ngozi. Njia ya kuwatofautisha ni mdomo: wa msafishaji uko mbele kabisa ya kichwa, wa mwigaji uko chini, ukifunikwa na pua iliyotokeza. Samaki wengine wazee hujifunza tofauti hiyo. Wachanga ndio wanaonaswa.

Maelezo ya kuvutia kama haya yanahitaji kupunguzwa kasi. Uchunguzi wa matumbo ya mwigaji umeonyesha kwamba chakula chake kikubwa ni minyoo ya baharini, vipande vya nyama ya chaza na mayai ya samaki, si mapezi. Inawezekana basi kwamba faida kubwa ya sura hiyo ya kuazima ni usalama: wala samaki hawamgusi, wakidhani ni msafishaji.

Kioo

Mwaka 1970 mwanasaikolojia Mmarekani Gordon Gallup aliwawekea sokwe kioo, akawapaka alama usoni wakiwa wamelala kwa dawa, akaona kwamba wanapoamka na kujiona huigusa alama kwenye uso wao wenyewe. Tangu hapo jaribio la kioo limetumika kupima kama mnyama anajitambua. Wanyama wengi hushindwa, na waliofaulu walikuwa wale wenye ubongo mkubwa.

Mwaka 2019 Masanori Kohda na wenzake wa Osaka, Japani, walitangaza kwamba samaki msafishaji amefaulu. Walipowekewa kioo, samaki hao mwanzoni walikishambulia kana kwamba ni mgeni. Baada ya siku chache mashambulizi yalikoma, wakaanza kufanya mambo yasiyo ya kawaida mbele ya kioo, kama kuogelea kichwa chini. Kisha kila mmoja alitiwa alama ya rangi ya kahawia chini ya koo, mahali asipoweza kupaona bila kioo. Kati ya samaki wanne, watatu walijiangalia na kwenda kukwangua koo zao. Alama isiyo na rangi haikuwafanya wakwangue, wala alama yenye rangi bila kioo.

Upinzani ulikuwa mkali. Gallup mwenyewe hakukubali. Frans de Waal, mtaalamu wa tabia za nyani, aliandika kwamba kujitambua huenda si kitu ambacho mnyama anacho au hana, bali ni ngazi zenye vidato vingi. Pingamizi la idadi ndogo ya samaki lilijibiwa mwaka 2022: kati ya 18 waliopimwa, 17 walikwangua. Mwaka 2023 kikundi hichohicho kilionyesha kwamba msafishaji aliyezoea kioo hushambulia picha ya samaki mgeni lakini haishambulii picha ya uso wake mwenyewe.

Rangi ya alama ni jambo la kuzingatia. Alama ya kahawia inafanana na kimelea. Alama za buluu au kijani hazikuwashughulisha samaki. Wapinzani husema hiyo inaonyesha samaki anaitikia kimelea tu. Watetezi hujibu kwamba sokwe naye hawezi kupimwa kwa kitu asichokijali, na kwamba kwa samaki huyu kimelea ndicho kitu kinachojaliwa kuliko vyote. Mjadala haujafungwa.

Katika jaribio jingine, la mwaka 2012, mnyama alichaguliwa kati ya sahani mbili zenye chakula sawa: moja huondolewa asipoanza nayo, nyingine hubaki. Anayeanza na ile inayoondoka hula zote mbili. Wasafishaji wazima walijifunza kanuni hiyo haraka kuliko nyani kapuchini, sokwe na orangutani waliopimwa. Hili halimaanishi kwamba samaki ana akili kuliko sokwe. Maisha ya msafishaji yote ni uchaguzi wa aina hiyo: mgeni ataondoka, mkaazi atasubiri. Wasafishaji wachanga, ambao hawajafanya kazi hiyo muda mrefu, hawakufanya vizuri vile.

Hatari na hifadhi

Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asilia (IUCN) limeiweka spishi hii katika kundi la zisizo na wasiwasi mkubwa, kwa kuwa imeenea mno. Lakini kuenea hakumwokoi katika mwamba mmoja mmoja. Uvuvi wa baruti huvunja matumbawe pamoja na vituo vyake. Nyavu za kukokota kama juya huharibu yaliyobaki. Joto la bahari nalo hupausha matumbawe, kama ilivyotokea mwaka 1998 kote Afrika ya Mashariki. Baada ya vimbunga na joto la mwaka 2016 huko Kisiwa cha Lizard, wasafishaji walipungua kwa asilimia 80. Wachache waliobaki walipopimwa tena kwa jaribio la sahani walishindwa kanuni ambayo wenzao wa awali waliiweza, kwani wateja nao walikuwa wamepungua na hapakuwa tena na foleni ya kuchagulia.

Biashara ya samaki wa mapambo pia humchukua, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza nje samaki hai wa miambani. Ni biashara inayolisha wapiga mbizi wengi, na kwa spishi nyingi inaweza kufanyika kwa kiasi. Kwa huyu ina kasoro mbili. Akiondolewa mmoja, kituo kizima hupoteza huduma. Na akiwekwa katika tangi lenye samaki wachache, vimelea humwisha ndani ya muda mfupi, na asipozoea chakula cha dukani hufa njaa huku akizidi kuwadona wenzake ngozi.

Katika maeneo yaliyohifadhiwa, kama Malindi na Watamu, Kisite-Mpunguti, Kisiwa cha Chumbe na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, si vigumu kumwona hata kwa miwani ya kuogelea tu na maji ya mita mbili tatu. Afadhali kutulia karibu na jiwe kubwa la tumbawe ambapo samaki wa aina mbalimbali wamesimama bila kuogelea. Mtu asiposogea, mara nyingine msafishaji humfikia naye, akamkagua vidole na kumdona mkono.